Chora Stori ya Mtaa Wenu: Komiki za Ukweli Zinavyotengenezwa, na Nani Anafaa Kuzilipia

Hebu fikiria mitungi ya maji, ile ya njano ya lita 20 unayopishana nayo kila siku mtaani. Tuseme mmoja ni ashu. Lita 1,000 ni mitungi 50, kwa hivyo hapo umetoa punch, shilingi 500 nzima. Ukisoma hiyo hesabu kwa gazeti, utakuwa umeisahau kabla ya kushuka mat. Lakini msee akichora ukurasa mzima wa mitungi 50, mmoja baada ya mwingine, na mathe anayeibeba kutoka kibandani hadi kejani, halafu pale chini achore mfereji mmoja wa mtaa wa wadosi na bili yake pembeni, hiyo picha haitoki kichwani.

Hiyo ndiyo inaitwa komiki ya ukweli. Hakuna jamaa anayepaa angani na shuka mgongoni. Ni mboka ya uandishi wa habari, ila badala ya aya unatumia fremu. Watu ni wa kweli, maneno ni yao, na hesabu imehakikishwa. Na kama unajua kuchora, ama una beshte anayejua, hii ni kitu mnaweza kuanza na kalamu na karatasi tu. Ngori inakuja baadaye, kwa swali la nani analipa. Tutafika hapo.

Katuni na komiki si kitu kimoja

Wakenya tunajua katuni vizuri. Gado amechora kwa magazeti tangu miaka ya 1990, na picha moja yake inaweza kuchoma mheshimiwa wiki nzima. Lakini katuni ya gazeti ni teke moja. Inakuambia nani amekosea leo, basi. Komiki inatembea pole pole, fremu kwa fremu, na inakuonyesha vile shida ilianza, nani alikula, nani aliumia na mambo yamefika wapi.

Hata komiki si ngeni hapa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la *Joe*, lililochora maisha ya mwananchi wa kawaida hadi 1979. Halafu 2010 ikaja *Shujaaz*, na Boyie wake anayeendesha redio ya siri akiwa kejani. Hiyo ilipeanwa bure kwa mamilioni ya nakala na ikashinda tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka 2012. Wengi wetu tumekua tukiisoma.

Sasa cheki tofauti. Shujaaz ni hadithi za kubuni zenye mafunzo ya kweli ndani, na ilikuwa bure ju kuna wengine waliolipa gharama. Hiyo si mbaya. Lakini kitu bado ni adimu huku kwetu ni komiki inayosema: hii ilitokea, hapa, kwa watu hawa, na aliyeichora hakutumwa na mtu.

Kurasa 16 zilizotembea dunia

Kama unadhani komiki ni mchezo wa watoi, sikia hii. Desemba 1955, kule Montgomery, Marekani, Rosa Parks alikataa kumwachia mzungu kiti kwa basi, akashikwa. Watu weusi wa mji huo wakagoma kupanda basi kwa siku 381. Walitembea na kubebana hadi sheria ya ubaguzi kwa mabasi ikaanguka.

Mwaka 1957 shirika moja la amani, Fellowship of Reconciliation, likaweka hiyo stori kwa komiki ya kurasa 16 iliyouzwa senti 10. Nakala kama 250,000 zilichapishwa, na zilipitia makanisani, shuleni na kwa vyama vya wafanyakazi. Siri yake ilikuwa sehemu ya mwisho. Haikuishia kumsifu Martin Luther King, ilieleza hatua kwa hatua vile mgomo wa amani unaendeshwa. Yaani ukimaliza kusoma, unajua cha kufanya kesho.

Kati ya vijana walioisoma kulikuwa na John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe akaweka maisha yake kwa komiki, vitabu vitatu vinavyoitwa *March*. Cha tatu kilishinda National Book Award mwaka 2016. Na ile ya 1957 ilitafsiriwa kwa Kiarabu mwaka 2008, ikasomwa na vijana wa Misri. Kurasa 16 tu, manze.

Sawa, inatengenezwa aje?

Kwanza, shika swali moja dogo. "Ufisadi Kenya" si swali, hiyo ni bahari. "Kwa nini mtungi wa maji unapanda bei kila Jumamosi kwa ploti yetu?" Hilo ni swali. Unaweza kulijibu kwa wiki mbili na viatu vyako mwenyewe.

Pili, toka nje. Joe Sacco, mchoraji aliyezaliwa Malta, ndiye wengi humtaja wakiongea kuhusu kazi hii. Komiki yake *Palestine* ilitoka kwa vipande kati ya 1993 na 1995, na *Footnotes in Gaza* ikafuata 2009. Kwa hiyo ya pili alitafuta wazee waliokumbuka mauaji ya mwaka 1956, akaketi nao mmoja mmoja. Wazee wawili wakikumbuka kitu kimoja kwa njia tofauti, yeye hakuchagua stori tamu. Alikuonyesha kwamba kumbukumbu zinagongana. Na anajichora mwenyewe ndani ya fremu, ndio ujue ni macho ya nani unatumia.

Wewe pia fanya hivyo. Ongea na anayeuza maji, anayenunua, mwenye bomba, na kampuni ya maji. Rekodi kwa simu ukiruhusiwa. Piga picha za vitu vidogo: rangi ya tanki, maandishi ya bei, mlango wa kibanda. Msomaji wa mtaa huo akiona umechora mlango tofauti na ule anaujua, hatakuamini hata kwa hesabu.

Tatu, omba ruhusa, na ueleze vizuri. Usiseme tu "nakuchora". Sema: "Hii itachapishwa, majirani wataiona, landilodi pia ataiona. Nitumie jina lako ama nilibadilishe?" Hapa komiki inashinda kamera mbali sana. Kwa video, kuficha mtu ni kumwekea ukungu usoni na kuharibu sauti. Kwa komiki unambadilishia sura, nguo na nywele, na bado macho yake yanaongea. Ila usisahau kumwambia msomaji kwamba umebadilisha. Na watoi usiwachore watambulike, hata mzazi akisema ni sawa.

Nne, andika skripti kabla ya kuchora. Kila ukurasa ubebe jambo moja. Maneno ndani ya kiputo yawe mafupi, na yawe yale mtu alisema kweli. Kama sentensi umeitunga wewe kufupisha maelezo yake, iweke kwa kisanduku cha msimulizi, usiiweke kinywani mwake. Huo ndio mpaka kati ya ukweli na mchezo wa kuigiza.

Tano, chora na ulichonacho. Kalamu nyeusi na karatasi, halafu piga picha kwa mwangaza wa mchana. Ama tumia ibisPaint kwa simu, ama Krita kwa kompyuta, ambayo ni ya bure. Na si lazima uchore kama fundi. Msomaji akitambua mtu yuleyule kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho, umefaulu.

Sita, kabla ya kuchapisha, rudi kwa wale uliowachora. Wasomee maneno yao na urekebishe makosa. Huwapi nafasi ya kufuta ukweli usiowapendeza, unahakikisha hujawanukuu vibaya.

Karatasi nne tu

Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne. Karatasi nne ni kurasa 16, sawa na ile komiki ya Montgomery. Stepla mbili kwa mgongo, umemaliza. Chunga tu mpangilio: ukurasa wa 16 na wa 1 hukaa upande mmoja wa karatasi, wa 2 na wa 15 upande wa nyuma. Ukizipanga 1, 2, 3 kama barua, komiki yako itasomeka kama stori ya mlevi.

Tuseme saiba yenu inachaji finga tano, yaani shilingi 5, kwa kila upande wa fotokopi. Pande nane ni shilingi 40. Ukiuza soo, unabaki na 60. Nakala 100 zikiisha zote, una ngiri sita. Inasikika poa, hadi ukumbuke umetumia wiki tatu kuhoji, kuandika na kuchora. Hiyo ni ngiri mbili kwa wiki, kabla ya nauli na bando. Sasa unaona mahali shida iko.

Anayelipa ndiye huchagua mwisho wa stori

Njia rahisi ya kupata doh ni shirika likuagize. Hakuna ubaya, wachoraji wengi wamelipa rent hivyo. Lakini shirika lina ujumbe wake, na mara nyingi ujumbe unakuja kabla ya ukweli. Unaambiwa stori iishe na kila mtu akiosha mikono na kutabasamu, hata kama ulichokiona ni kwamba hakuna maji ya kuosha hiyo mikono.

Na soma mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inachukulia kwamba kazi uliyoagizwa kufanya, hakimiliki yake inaenda kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo andikeni: michoro inabaki ya nani, na unaweza kuiuza tena ama la.

Njia ya pili ni wasomaji wenyewe. Marekani kulikuwa na jarida la komiki za ukweli linaitwa The Nib, lililoanzishwa na Matt Bors mwaka 2013. Mwaka 2019 kampuni iliyokuwa inalifadhili ilijitoa. Lingekufa siku hiyo. Wasomaji waliokuwa wakilipa kila mwezi ndio walilibeba hadi 2023, lilipofungwa. Miaka minne zaidi ya komiki, kwa nguvu ya wasomaji. Hiyo pia inakuonyesha kwamba si rahisi, hata mahali watu wana kadi za benki.

Sisi tuna M-Pesa. Wasomaji 100 wakituma soo kila mwezi, hiyo ni ngiri kumi zinazojulikana zitakuja, hata mwezi ambao huna komiki mpya kwa sababu bado unahoji. Weka namba yako ya Lipa na M-Pesa kwa ukurasa wa mwisho. Na waambie wasomaji doh ilienda wapi: fotokopi kiasi hiki, nauli kiasi hiki. Ukidai uwazi kwa gava, anza na wako.

Usijifanye hakuna hatari

Desemba 2024 mchoraji anayejulikana kama Kibet Bull, aliyevuma kwa picha zake za kivuli kuhusu Rais, alipotea. Alirudi mapema Januari 2025, baada ya kelele kubwa nchini na mtandaoni. Polisi walikana kuhusika. Kila mtu anayechora Kenya anakumbuka wiki hizo.

Kisheria, Februari 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kuchafua mtu jina kuwa kosa la jinai. Lakini mtu bado anaweza kukushtaki kortini akidai fidia. Kinga yako ni daftari: nani alisema nini, siku gani, na ulimpa upande wa pili nafasi ya kujibu. Weka nakala mahali pengine, si kwa simu pekee. Na usifanye kazi peke yako. Mbogi ya watu watatu, mmoja anahoji, mmoja anachora, mmoja anahakikisha, ni ngumu kunyamazisha kuliko msee mmoja.

Na wewe usiyejua kuchora je?

Kazi yako iko, na ni rahisi. Ukiona komiki ya ukweli, usikate skrinshoti ukaondoa jina la mchoraji, halafu ukaipeleka kwa grupu za WhatsApp. Tuma linki yake. Nunua nakala mbili, moja uache kwa kinyozi ama salun, mahali watu husubiri. Kama una printa, ama unafanya saiba, wape bei ya beshte. Kama wewe ni odijo, itumie darasani. Kama unajua Kiluo, Kikamba ama Kisomali vizuri, jitolee kutafsiri, ju viputo ni vifupi na jioni moja inatosha.

Na ukiona kosa, mwambie mchoraji moja kwa moja na umpe ushahidi. Msomaji anayesahihisha ana maana zaidi ya elfu moja wanaopenda na kupita.

Ile komiki ya Montgomery iliuzwa senti 10 ju kuna watu waliona stori yao inafaa kufika kwa kila mkono. Yako inaweza kuanzia na mitungi 50 na mathe mmoja. Karatasi nne ziko saiba. Swali lako la kwanza ni gani?