Mchecheto wa Mtihani: Usiufukuze, Upe Kazi

Kila Novemba watahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania huketi kufanya mtihani wa taifa, na matokeo yake ndiyo huamua nani aendelee na kidato cha tano, nani aende chuo na nani atafute njia nyingine. Kwa uzito huo, si ajabu viganja vikalowa jasho, tumbo likavurugika na moyo ukaenda mbio. Wazazi na walimu huwa na ushauri mmoja: tulia, usiogope. Nia yao ni njema, lakini ushauri huo humtwisha mtahiniwa kazi ya pili juu ya ile iliyomleta, yaani kupambana na mwili wake mwenyewe. Kwa muda uliobaki kabla ya kengele, mchecheto huo ni vigumu kuufukuza. Afadhali auelewe, kisha autumie.

Ubongo ukihisi kwamba jambo zito linakuja, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi, na damu huelekezwa zaidi kwenye misuli huku tumbo likipunguziwa. Ndiyo maana chai ya asubuhi hiyo haishuki. Dalili hizi hutisha kwa sababu zinafanana na ugonjwa, ilhali ni maandalizi. Tangu mwaka 1908 wanasaikolojia Yerkes na Dodson wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa kazi ngumu walijifunza haraka zaidi kwa mshtuko wa umeme wa wastani kuliko kwa ule hafifu mno au mkali mno. Panya si mwanafunzi, na mshtuko wa umeme si swali la hesabu. Hata hivyo, wazo la msingi limeendelea kuheshimiwa: msisimko kiasi humwamsha mtu, na unaozidi humvuruga.

Kinachomvuruga hasa ni mawazo yanayoandamana na mapigo ya moyo. Ili kukokotoa hesabu au kupanga insha, akili hushika mambo machache kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo ni finyu. Mtahiniwa anayejiuliza nyumbani watasema nini akifeli ameshaijaza nusu. Mwaka 2005 watafiti Beilock na Carr waligundua kwamba, katika hesabu ngumu zilizofanywa chini ya shinikizo, walioshuka zaidi walikuwa wale wenye uwezo mkubwa wa kushika mambo akilini, kwa kuwa shinikizo liliwanyang'anya hasa kile walichokitegemea. Wahenga walikwisha kuliona hilo: mkamia maji hayanywi. Kwa hiyo mwanafunzi hodari anayesahau kila kitu ghafla asihukumiwe kuwa mvivu au kwamba alikuwa akibahatisha siku zote.

Basi afanye nini? Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambamo watu walioelekezwa kuchangamkia mtihani wa hesabu walifanya vizuri kuliko walioelekezwa kutulia. Miaka minne kabla yake, Jeremy Jamieson na wenzake waliwaeleza baadhi ya wanafunzi kwamba mwili kusisimka kunaweza kusaidia katika mtihani. Wanafunzi hao wakapata alama za juu zaidi za hesabu kuliko wenzao ambao hawakuelezwa. Sababu inaeleweka. Kutoka kwenye hofu hadi utulivu ni safari ndefu, kwani moyo unaodunda hautii amri. Kutoka kwenye hofu hadi hamasa ni hatua fupi, maana moyo huenda mbio katika hali zote mbili na kinachobadilika ni maana tunayoipa.

Atatokea wa kusema kwamba maneno matamu hayajibu maswali. Ni kweli: asiyesoma hataokolewa na hamasa. Mbinu hizi humsaidia aliyesoma kuyafikia anayoyajua. Mwingine atahoji ushahidi wenyewe, na ana haki. Utafiti wa mwaka 2011 ulidai kwamba kuandika wasiwasi wako kwa dakika kumi kabla ya mtihani huinua alama, lakini uliporudiwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2018, faida hiyo haikuonekana. Kwa hiyo tusiahidi miujiza. Kuipa hofu maana mpya hakuna gharama wala madhara, na hilo linatosha kuifanya ijaribiwe. Anayetapika, kuzimia au kukosa usingizi kwa wiki nzima, huyo anahitaji mshauri nasaha au mhudumu wa afya, wala si nasaha za magazetini.

Mengine ni ya kawaida na yanafaa. Usiku wa kuamkia mtihani alale, kwa sababu usingizi ndio huimarisha yaliyosomwa, na anayekesha huingia chumba cha mtihani na akili iliyochoka. Ale chakula alichokizoea na afike mapema. Mapigo yakizidi, atoe pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, jambo linalopunguza kasi ya moyo. Aanze na swali analoliweza ili akili ipate pa kushika. Lakini tusimwachie kijana mzigo wote. Mzazi anayemkumbusha asubuhi hiyo ada iliyolipwa, na mwalimu anayetaja aibu ya shule kushuka daraja, huijaza ile nafasi finyu ambayo mtoto anaihitaji kwa ajili ya kufikiri. Uzito wa mtihani anaujua tayari. Anachohitaji kusikia kwetu ni kwamba amejiandaa, kwamba mwili wake unamsaidia, na kwamba atapokewa nyumbani kwa matokeo yoyote yale.