Gati Hujengwa Leo, Mzigo Huja Lini?

Kwenye gati la Mbaraki, Mombasa, kazi huonekana kwa macho. Kreni hushusha ukucha wake tumboni mwa meli, huchota shehena ya kichele na kuimwaga kwenye faneli. Lori lililo chini hujaa, likaondoka na vumbi lake. Ufanisi hapo ni tani ngapi kwa zamu, basi. Hesabu hiyo huvunjika tukitaka kuipima Halmashauri ya Bandari ya Kenya nzima, maana pesa hutoka leo na mzigo huja baada ya miaka. Ng'ambo ya maji, Kipevu, awamu ya kwanza ya kituo cha pili cha makontena ilikamilika 2016 kwa mkopo wa Japani, ikiwa na nafasi ya makontena 550,000 ya futi 20 kwa mwaka. Mwaka huo bandari ilipitisha kama milioni 1.09, mwaka uliofuata, milioni 1.19. Kwa nyongeza ya laki moja, mhasibu angeapa kwamba fedha zimezama. Mwaka 2020, korona ilipoingia, idadi ilipungua. Mwaka 2024 ikapita milioni 2, lakini kufikia hapo awamu ya pili nayo ilikuwa imeshaongezwa, kwa hiyo hata sifa zenyewe ni za kugawana.

Mtu atasema: basi kila meneja mzembe atatuambia tungoje. Ni kweli, na wengi hufanya hivyo. Ndiyo maana muda wa kungoja hutajwa kabla ya kukopa, pamoja na dalili za njiani: meli inakaa saa ngapi nje kabla ya kufunga gatini, kontena linalala siku ngapi uwanjani. Dalili hizi hazingoji miaka minane. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2022, inayopima muda wa meli bandarini, iliiweka Mombasa ya 326 kati ya bandari 348, wakati makontena yakiongezeka. Wingi wa mzigo, kumbe, si ushahidi wa wepesi, hasa mteja akikosa pa kwenda. Reli ya kisasa, SGR, iliyogharimu takriban shilingi bilioni 327 inaonyesha hivyo zaidi: amri ya serikali ya 2019 ilisukuma makontena ya bara kwenye treni, wenye malori wakalalamika, amri ikafutwa 2022. Tani zilizopakiwa chini ya amri hiyo zilipima nguvu ya amri.