Je, Wajua? Homoni ya Njaa Humkata Kifaranga Hamu ya Kula

Ulaji wa kifaranga wa kuku huongozwa na peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Nyuropeptidi Y ikidungwa ubongoni, kifaranga hula zaidi, sawa na panya. Ajabu iko kwa grelini, homoni iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999 katika tumbo la panya. Kwa panya na binadamu huchochea njaa. Kifaranga akidungwa grelini ubongoni huacha kudonoa, hata kama alikuwa na njaa. Inaelekea grelini huamsha peptidi ya msongo, CRF, ambayo huzima hamu ya chakula. Oreksini, peptidi nyingine ya ubongo, nayo humfanya panya ale, lakini kifaranga haimshughulishi.