Karanga, Kamba na Pilipili: Kutambua Mzio kwenye Meza ya Mkahawa wa Kithai

Mikahawa ya Kithai imekuwa sehemu ya maisha ya mitaa ya London kwa miongo kadhaa sasa. Baadhi yake imo ndani ya baa za mtaani: mbele ipo kaunta ya bia na mvinyo, nyuma lipo jiko ambamo tambi za mchele hukaangwa kwenye karai juu ya moto mkali. The Churchill Arms ya Kensington, baa inayojulikana kwa maua yanayofunika kuta zake za nje, ni mfano maarufu wa mpangilio huo. Serikali ya Thailand nayo ilitambua kwamba chakula ni balozi; mwaka 2002 ilianzisha mpango ulioitwa Global Thai, uliokusudia kuongeza idadi ya mikahawa ya taifa hilo duniani.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi Uingereza, au aliyekwenda huko kwa masomo, chakula hiki hakina ugeni mkubwa. Tui la nazi, ukwaju, mchaichai, ndimu, pilipili na wali ni vitu alivyovikuta jikoni kwao. Mchuzi uitwao massaman, ambao jina lake linatokana na neno lenye maana ya Waislamu, hutiwa iliki, mdalasini na karafuu, na harufu yake ingeweza kutoka katika nyumba yoyote ya Unguja siku ya Idi. Hata pilipili, ambayo wengi hudhani asili yake ni Asia, ilitoka Amerika na kuenezwa na meli za Wareno katika karne ya 16, katika Bahari ya Hindi hiyohiyo.

Ufanano huu ndio unaomhadaa mwenye mzio wa chakula. Mchuzi wa nazi wa pwani kwa kawaida hauna siri: ukiambiwa ni wa kuku, umekula kuku. Mchuzi wa kijani wa Kithai, hata ukiwa wa kuku au wa mboga tupu, huanza na viungo vilivyotwangwa ambavyo mara nyingi ndani yake mna kapi, yaani kamba wadogo waliotiwa chumvi, wakachachushwa na kusagwa hadi wakawa kama ugoro uliolowa. Kisha hukolezwa kwa nam pla, maji yanayotokana na samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi kwa miezi mingi. Massaman huwa na karanga. Tambi za pad thai hunyunyiziwa karanga zilizopondwa, na mara nyingi huwa na yai na kamba wakavu. Saladi ya papai bichi, som tam, hutwangwa kinuni pamoja na karanga na kamba wakavu. Mteja akiomba yake isitiwe karanga, kinu na mchi huenda ni vilevile vilivyotumika kwa mteja aliyemtangulia.

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoishambulia protini isiyo na madhara kana kwamba ni adui. Kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya karanga, kiasi kidogo sana cha protini hiyo huziamsha seli zinazohifadhi histamini katika ngozi, utumbo na njia ya hewa. Histamini na kemikali nyingine humwagika kwa pamoja. Mishipa ya damu hutanuka na kuvujisha maji, na misuli ya njia ya hewa hubana. Hali hiyo ikishambulia upumuaji au mzunguko wa damu huitwa anafilaksia, na inaweza kuua. Kupika hakuondoi hatari: tropomiosini, protini kuu inayosababisha mzio wa kamba, huhimili joto, hivyo kamba aliyechemshwa, aliyekaangwa na aliyekaushwa wote ni wale wale mbele ya kinga ya mwili. Inafaa pia kukumbuka kwamba mzio wa kamba na kaa si mzio wa samaki, na karanga, ambayo ni jamii ya kunde, si ndugu wa korosho, ingawa wapo watu wenye mizio hiyo yote kwa pamoja.

Ugumu wa meza hii ni kwamba dalili za mwanzo za mzio zina pacha wawili wanaoweza kuzificha: ukali wa pilipili na athari ya pombe.

Pilipili hufanya kazi yake kupitia kapsaisini, kemikali inayojishikiza kwenye kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1. Kipokezi hicho kiliumbwa kupokea joto linalozidi takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini inapokigusa, ubongo huambiwa kwamba mdomo unaungua ilhali hakuna moto. Ugunduzi wake mwaka 1997 ni sehemu ya kazi iliyompatia David Julius Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021, aliyoipata pamoja na Ardem Patapoutian. Jasho la usoni, machozi, makamasi na midomo inayowaka ni majibu ya neva, wala IgE haihusiki. Pombe kali haizimi moto huo. Ethanoli hushusha kiwango cha joto kinachokiamsha kipokezi hicho, kwa hiyo huuchochea. Maji nayo hutuliza kwa dakika chache tu, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji. Maziwa au mtindi hufaa zaidi.

Pombe yenyewe huweza kuleta wekundu wa uso na mapigo ya moyo ya kasi, hasa kwa watu wengi wa Asia ya Mashariki ambao kimeng'enya chao cha kuvunja asetaldehidi hakifanyi kazi ipasavyo. Miongoni mwa Waafrika urithi huo ni nadra mno. Jambo zito zaidi ni kwamba pombe inaweza kuzidisha ukali wa mzio, na mtu akaathirika kwa kiasi cha chakula ambacho siku nyingine angekivumilia. Kazi hiyohiyo hufanywa na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, homa, mazoezi na uchovu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu watu wazima wenye mzio wa karanga ulionyesha kwamba mazoezi au kukosa usingizi hupunguza kiasi cha karanga kinachotosha kuleta dalili kwa karibu asilimia 45. Utafiti huo haukupima pombe. Lakini mwanafunzi aliyekesha akisoma, akameza ibuprofeni kwa ajili ya kichwa, kisha akaenda kusherehekea kumaliza mitihani kwa bia mbili na sahani ya pad thai, amebeba mizigo kadhaa kwa wakati mmoja.

Je, pacha hawa watatu hutofautishwaje? Ukali wa pilipili huanza na tonge la kwanza, hukaa mdomoni na usoni, na hupungua kadiri dakika zinavyopita. Mzio husambaa. Viganja na nyayo huwasha, midomo na kope huvimba, vipele vyenye mwasho huibuka tumboni au mapajani, mahali ambapo pilipili haikufika. Sauti hukwaruza, koo hubana, kikohozi hukataa kukoma, mluzi husikika kifuani. Wengine hutapika au kukatwa na tumbo, wengine hupata kizunguzungu na hisia nzito kwamba jambo baya linakuja. Hisia hiyo si ya kupuuzwa, kwani ni dalili inayotambulika kitabibu.

Vitabu vingi vya tiba huanza kueleza mzio kwa kutaja ngozi kuwa nyekundu. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane kabisa, na katika mwanga hafifu wa baa ndiyo kabisa. Jirani wa mezani asisubiri rangi. Apitishe kiganja juu ya mkono wa mwenzake asikie kama kuna uvimbe uliotuna, atazame kope na midomo, na amsikilize anavyozungumza. Anafilaksia huweza pia kutokea bila kipele hata kimoja.

Kinga bora hufanyika kabla ya kuagiza, na ifanyike kabla ya kinywaji cha kwanza. Tangu Desemba 2014, sheria inayotumika Uingereza imezitaka biashara za chakula kutoa taarifa kuhusu vizio 14, vikiwemo karanga, kamba na jamii yake, samaki, yai, maziwa, ufuta na soya. Mteja ana haki ya kuuliza, ila namna ya kuuliza ina uzito wake. Anayesema "sili kamba" huweza kueleweka kuwa ana mwiko wa dini au hapendi tu, akaondolewa kamba wanaoonekana huku kapi ikibaki mchuzini. Anayesema "nina mzio wa kamba, hata kidogo kilichosagwa kinaweza kuniua, naomba mpishi aulizwe" amelifikisha. Kadi yenye maelezo hayo kwa Kithai ni msaada mkubwa, kwa maana mara nyingi mteja na mpishi wote wawili wanatumia Kiingereza kama lugha ya kuazima. Mwenye pumu isiyodhibitiwa awe mwangalifu zaidi ya wote, kwa kuwa pumu ya aina hiyo ni miongoni mwa vihatarishi vikuu vya kifo kutokana na mzio wa chakula.

Dalili zikianza, muda ni mfupi. Uchunguzi wa vifo vya anafilaksia nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulibaini kwamba kwa waliouawa na chakula, muda wa kati tangu kula hadi pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 30. Dawa ni adrenalini, hudungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje; kwa mtu mzima wahudumu wa afya hutumia miligramu 0.5, na hurudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Mgonjwa anayetembea na sindano zake za kujidunga awe nazo mbili daima, mezani na si ndani ya koti lililotundikwa mlangoni. Vidonge vya kupunguza mwasho havifungui koo wala havipandishi shinikizo la damu, na kuvitegemea kumewacheleweshea wengi adrenalini.

Adabu nayo ina nafasi yake katika vifo hivi. Mtu aliyelelewa asiwaudhi wenyeji wake hujisikia vibaya, huomba radhi, hunyanyuka na kwenda chooni peke yake ili asiharibu shughuli. Shinikizo la damu likiwa limeshuka, kusimama ghafla na kutembea huunyima moyo damu ya kusukuma, na vifo vya namna hiyo vimerekodiwa. Alazwe hapohapo, hata kama ni sakafuni kati ya viti, miguu ikiinuliwa. Akishindwa kupumua aketi, miguu ikinyooshwa mbele. Ambulensi iitwe, kwa Uingereza ni namba 999, na neno anafilaksia litamkwe.

Nafuu ya haraka baada ya sindano si ruhusa ya kurudi kwenye glasi. Kwa baadhi ya wagonjwa dalili hurejea saa kadhaa baadaye bila wao kula kitu kingine, na kwa sababu hiyo hospitali huwaweka chini ya uangalizi. Aliyekunywa pombe akapelekwa nyumbani kulala peke yake hawezi kuusikia mluzi wa kifua chake mwenyewe saa nane za usiku.