Maji ya Rejeta na Namna ya Kuyabadili Nyumbani

Wenye magari wengi wa mwambao wetu, nao si wajinga katika mambo mengine, wameishika dhana ya kwamba kulanti ni dawa ya watu wa nchi za theluji, ambao maji yao huganda usiku yakapasua injini, na ya kuwa sisi tuliojaliwa jua mwaka mzima hatuna haja ila ya ndoo ya maji ya kisima. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayowatajirisha mafundi.

Petroli iunguapo ndani ya silinda, si joto lake lote ligeukalo kuwa mwendo. Takriban theluthi moja huchukuliwa na maji yazungukayo kando ya silinda, nayo husukumwa na pampu hadi kwenye rejeta, yakapita katika vijia vyembamba, yakapulizwa na upepo wa safari au wa feni, kisha yakarejea injini kuanza upya. Njiani yupo bawabu, themostati, asiyefungua mlango mpaka maji yafikie nyuzi 82 au zaidi kidogo. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 hapa pwani, na Nairobi, palipo na mwinuko wa kiasi cha mita 1,700, hutangulia kuchemka kwa nyuzi 94 hivi. Lakini mfuniko wa rejeta, kwa kuuzuia mvuke usitoke, hukipandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110, na kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji hukipandisha zaidi. Ndiyo maana mfuniko uliolegea mpira, ambao bei yake si kitu, huweza kuchemsha gari zima kwenye mlima.

Walakini fadhila kubwa ya kulanti si hiyo, bali ni zile dawa zilizomo zinazozuia kutu. Maji ya visima vyetu aghalabu yana chumvi na chokaa: chumvi huila aluminiamu ya rejeta na ya silinda hedi, na chokaa hugandamana ndani ya vijia hata maji yakakosa pa kupita. Dawa hizo nazo hudhoofika kwa muda, hata kama maji bado yana rangi nzuri. Kulanti ya waridi ya Toyota, kwa mfano, imekadiriwa kudumu kilomita 160,000 tangu gari kutoka kiwandani, na baada ya hapo kila kilomita 80,000; ila kwa gari lililonunuliwa kuukuu kutoka Japani, ambalo historia yake haijulikani, lililo salama ni kuibadili mara moja. Wala rangi isikuhadae, kwani kila kiwanda hutia rangi kitakavyo. Soma kitabu cha gari na maandishi ya dumu.

Ama kazi yenyewe, sharti lake la kwanza ni subira. Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto, kwa kuwa maji yaliyobanwa hufoka na kumbabua mtu uso na mikono. Ngoja mpaka rejeta ishikike kwa kiganja, swichi ikiwa imezimwa, maana feni ya umeme huweza kuanza yenyewe. Gari likiwa mahali tambarare, weka beseni chini, fungua kizibo cha kumwagia kilicho chini ya rejeta, kisha fungua mfuniko, maji yatashuka kwa kasi. Kizibo hicho aghalabu ni cha plastiki. Anayekikaza kwa koleo atakuja kununua rejeta. Yatokayo hapo si yote, maana mengi hubaki ndani ya injini. Basi jaza maji safi, washa injini na hita hadi mpira wa juu wa rejeta upate moto, zima, acha ipoe, mwaga tena, ukikariri hivyo mpaka maji yatoke meupe.

Kwa kuwa maji hayo ya kusuuzia nayo husalia ndani, ni afadhali kutia kwanza kulanti nzito, kiasi cha nusu ya ujazo wote ulioandikwa kitabuni, ndipo ujazilize kwa maji yaliyotoneshwa. Mimina polepole, ukiiminya mipira ili hewa itoke. Hewa iliyonaswa huacha sehemu ya injini bila maji, na sindano ya joto huweza isikuambie. Washa injini, mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri kiwango kinavyoshuka, kisha funga.

Yaliyomo beseni yana ladha tamu, nayo ni sumu iuayo watoto, mbwa na paka; yatie katika dumu lifungwalo, yasimwagwe mtaroni.

Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, tazama kiwango kwenye chupa ya akiba, uongeze kikiwa kimeshuka. Kikizidi kupungua wiki baada ya wiki pasipo tone ardhini, na mafuta ya injini yakageuka rangi ya chai ya maziwa, basi gasketi ya silinda hedi imekwisha, na kazi hiyo si ya uani: mwite fundi.