Nyama ya Nguruwe: Ilete Nyumbani, Uipike Iive

Ndugu msomaji, wewe unayeishi huku kwetu Kibabi, ao mahali pengine pa machimbo katika Masisi na Walikale, unajua harufu ya Jumamosi jioni. Vijana wametoka shimoni, mnunuzi wa koltani amelipa, na mbele ya nyumba ya pombe kuna mbabula na vijiti vya nyama ya nguruwe. Nje nyama imeungua, ndani ingali nyekundu. Baba anakula kijiti kimoja, viwili, vinne. Anaongeza pilipili na ndimu, kisha anaagiza chupa. Anafika nyumbani usiku, mikono mitupu. Mama na watoto wamekwisha kula sombe, wamelala.

Mwezi huu sitaki kuwaambia muache nyama hiyo. Nataka kuwaambia muilete nyumbani, muipike vizuri na matunda na majani ya harufu, na jamaa yote ile pamoja. Lakini kwanza niwaeleze sababu iliyonifanya mimi, mchungaji, niandike habari za jikoni.

Mtoto aliyeanguka kanisani

Zamani kidogo, katika kanisa nililolitumikia, kijana mmoja wa kwaya alianguka wakati wa ibada. Alikuwa na kifafa. Watu walikimbia. Hakuna aliyemshika, kwa maana wengi wanasadiki kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza. Mama yake alilia: “Pasta, ni nani amemuroga mutoto wangu?”

Ninakiri mbele yenu: siku ile sikuwa na jibu zuri. Nilipanga siku tatu za maombi na kufunga, na sikumwambia mama yule neno lolote juu ya hospitali. Kuomba halikuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kunyamaza juu ya dawa, na kuwaacha watu watafute mchawi katika jamaa ile. Miezi ilipita kabla muuguzi mmoja hajaniita pembeni na kuniuliza kwa upole: “Mchungaji, pale kwao wanafuga nguruwe? Choo kiko?” Nilishangaa. Choo na kifafa, wapi na wapi?

Njia ya mnyoo

Muuguzi alinieleza hivi. Kuna mnyoo mrefu unaoitwa tegu. Wengine wanasema tenia. Nguruwe anayezunguka ovyo anakula mavi ya mtu mwenye mnyoo huu. Mayai yanaingia ndani ya nyama yake na kuwa vifuko vidogo vyeupe, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu inakua tumboni mwake. Inaweza kukaa humo miaka, na pengine yeye hasikii maumivu yoyote.

Ubaya mkubwa unakuja nyuma. Mtu huyo akitoka chooni bila kunawa, anabeba mayai mikononi. Anashika chakula, anamlisha mtoto. Mayai yakimezwa, yanaweza kupanda mpaka kichwani na kufanya vifuko ndani ya ubongo. Hapo kifafa kinaweza kuanza. Kwa hiyo hata mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata ugonjwa huu, kwa sababu ya mikono ya jirani, maji machafu, ao mboga mbichi.

Kifafa kina sababu nyingi, na bila kupima hakuna anayeweza kusema ya huyu ni hii. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kwamba katika sehemu nyingi zenye mnyoo huu, karibu watu 30 kwa kila 100 wenye kifafa wamekipata kwa njia hii. Fikiri, ndugu: watoto wangapi tumewaita wachawi ao waliorogwa, na kumbe jambo lilianzia jikoni na chooni?

Ndimu haiui mnyoo

Vijana wanasema: “Weka ndimu na pilipili, kunywa pombe juu yake, minyoo inakufa.” Hapana. Ndimu inabadilisha rangi ya nyama na kuleta ladha, lakini usiitegemee kuua vile vifuko. Moto ndio unaoviua, ukifika mpaka katikati.

Unaponunua, angalia nyama pale inapokatwa. Ukiona punje nyeupe, usinunue, hata kama bei ni ya chini. Nyama kama hiyo isitupwe kwa mbwa wala nguruwe. Ichomwe ao ifukiwe chini sana. Lakini punje zikiwa chache zinaweza kukupita machoni. Kwa hiyo nyama yote, hata ile inayoonekana safi, tuiive kabisa.

Namna ya kupika, kwa watu 6

Nimejifunza haya kwa mke wangu, naye amekubali niyaandike. Tafuta:

– vipande 6 vya mbavu vyenye mfupa (kotoleti), unene wa sentimita 2 hivi;
– nusu ya nanasi lililoiva;
– machungwa 2, ao marakuja 5;
– vitunguu 2 na punje 4 za kitunguu saumu;
– seleri kidogo na mabua 2 ya mchaichai;
– chumvi, pilipili manga, na mafuta vijiko 3 vikubwa.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Menya nanasi. Osha majani yote kwa maji safi. Twanga kitunguu saumu pamoja na chumvi na pilipili manga, upake nyama pande zote. Iache nusu saa. Usiilaze usiku kucha ndani ya nanasi bichi, maana tunda hili lina nguvu ya kulainisha nyama. Utakuta imekuwa kama uji.

2. Pasha mafuta katika kikaango mpaka yawe moto sana. Weka vipande vitatu tu kwa mara moja. Ukivijaza vyote, vinatoa maji na kuchemka, havikaangiki. Kaanga dakika 4 ao 5 kila upande, mpaka viwe na rangi ya kahawia. Vitoe, weka vingine.

3. Katika mafuta yale yale kaanga vitunguu. Tia vipande vya nanasi, uvigeuze mpaka sukari yake ianze kupata rangi. Ponda mchaichai, uutie pamoja na seleri. Mimina maji ya machungwa na nusu kikombe cha maji, ukikwangua chini ya kikaango. Ladha nyingi imeshikama pale.

4. Rudisha nyama yote. Punguza makala, funika, acha dakika 20. Kwetu milimani usiharakishe: kwenye urefu wa mita 2000 maji yanachemka kwa digrii 93 hivi, si 100. Joto hilo linatosha, lakini linataka muda.

5. Sasa pima. Kata karibu na mfupa, pale panapochelewa kuiva. Maji yanayotoka yawe meupe, na ndani pasiwe na wekundu wowote. Ukiona wekundu, funika tena dakika 10. Mabua ya mchaichai yatoe kabla ya kupakua.

Mambo mawili msiyasahau. Majani ya harufu yapikwe pamoja na nyama. Msinyunyizie majani mabichi juu ya sahani, hasa yakitoka bustani iliyo karibu na choo. Tena, kisu na sahani vilivyogusa nyama mbichi visiguse nyama iliyoiva mpaka vioshwe.

Kula na ugali, viazi ao ndizi. Utamu wa nanasi unakatana vizuri na mafuta ya nguruwe, na mchuzi ni wa kutosha watoto wote. Baba, hesabu mwenyewe: franga ulizolipa kwa vijiti na chupa zingenunua kotoleti ngapi?

Nje ya jikoni

Kupika vizuri ni mlango mmoja tu wa kufunga. Nguruwe wafungwe bandani. Choo kichimbwe, hata kule karibu na mashimo ambako wengi wanajisaidia porini. Anayeona vipande vyeupe, kama utepe, katika choo chake, aende kituo cha afya. Asinunue dawa ovyo sokoni, kwa maana kwa mtu mwenye vifuko kichwani dawa ya tegu inaweza kuamsha kifafa.

Na mgonjwa akianguka, usikimbie. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Mgeuze alale kwa ubavu, ondoa mawe na moto karibu naye, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka aamke. Kisha apelekwe kwa muuguzi, kwani dawa za kuzuia kifafa ziko.

Tunao majirani wasiokula nguruwe, Waadventista na Waislamu. Katika Waroma sura ya 14, Paulo anatufundisha tusimhuzunishe ndugu kwa sababu ya chakula. Wakiwa wageni wako, tafuta kuku, umpike na nanasi hilo hilo katika chombo kingine safi. Nanyi msiwalazimishe kuonja.

Yule kijana wa kwaya alianza dawa. Kuanguka kulipungua sana, akarudi kuimba. Mama yake hakunilaumu. Alisema tu: “Pasta, sasa uambie na wengine.” Ndilo ninalofanya leo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nyama tunayokula nje, ni nani kati yetu ameangalia kama imeiva ndani?
2. Choo chetu kiko namna gani? Sabuni iko karibu?
3. Katika mtaa wetu kuna mgonjwa wa kifafa anayeogopwa? Jamaa yetu itamfanyia nini juma hili?