Sumaku inafikisha dawa mlangoni tu

Tuseme una jeni moja inayokuletea ugonjwa kwa kutengeneza protini mbovu. Si lazima uing'oe, unaweza kuinyamazisha. Jeni hutuma maagizo yake kupitia RNA mjumbe. Ukiingiza ndani ya seli kipande kifupi cha RNA, cha herufi 21 hivi zinazooana na ujumbe huo, seli yenyewe inaukata, na protini haitengenezwi. Andrew Fire na Craig Mello walilieleza jambo hili mwaka 1998 wakichunguza minyoo, na mwaka 2006 wakapata Tuzo ya Nobel.

Shida ni kuingia. Kipande kina chaji hasi, uso wa seli nao una chaji hasi, basi vinasukumana. Patisiran, dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani (2018), hubebwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta ambavyo huishia zaidi kwenye ini. Sawa kabisa, kwa sababu protini inayolengwa hutengenezwa hukohuko. Je, kama ugonjwa uko kwingine?

Hapo ndipo sumaku inapoingia. Unachukua chembe za oksidi ya chuma, ndogo kuliko seli mara mamia, unazipaka polima yenye chaji chanya, na RNA inanata juu yake. Unazimimina kwenye sahani yenye seli, sumaku unaiweka chini. Badala ya kuelea ovyo kwa saa kadhaa, ndani ya dakika chache chembe zimeshatua juu ya seli. Ukiondoa sumaku, chembe ndogo kiasi hicho hupoteza usumaku wao, kwa hiyo hazishikani mabonge. (Fikiria mabonge ya chuma kwenye mshipa wa damu!)

Ngoja kwanza. Wengi hudhani sumaku inaivuta dawa mpaka ndani. Hapana. Seli ndiyo inayozimeza chembe, ikizifunga kwenye kifuko, na kifuko hicho hujaa asidi na kuanza kumeng'enya kilichomo. RNA isipotoroka mapema, kazi yote bure. Polima ileile inaweza kusaidia kukipasua kifuko, ila ikizidi inaua seli. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko sumaku yenyewe.

Halafu kuna umbali. Mvuto wa sumaku hufifia haraka sana kadiri unavyosogea mbali nayo. Kwenye sahani, seli ziko milimita chache tu juu ya sumaku. Uvimbe ulio ndani ya pafu uko sentimita kadhaa chini ya ngozi, na damu inayopita hapo haisimami kusubiri.